Gari la Kulala Lililozimika Manyamanyama

Msomaji mpenzi, ukipanda basi Mwanza kwenda Musoma, hapana budi utapita Bunda. Na ukifika Bunda umekwisha kufika kwetu Manyamanyama, maana kata yetu imo katika mji huo huo. Yamkini hujapata kulisikia jina letu, ila kama uliwahi kuugua ukaletwa hospitali iliyoko hapa. Hapa si mahali pa kusifiwa sana na watalii. Ni nchi ya vilima vya mawe, mashamba ya mihogo na pamba, ng'ombe warudio jioni pamoja na vumbi lao, na upepo utokao ziwani.

Lakini sisi tumekaa njia panda. Upande wa kaskazini waenda Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, waenda Musoma na Tarime, hata mpaka wa Sirari. Mashariki ni Nyamuswa na Mugumu. Magharibi ni Kibara, na kivuko cha Kisorya kiendacho Ukerewe. Kusini ni lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti, kisha Lamadi, Magu na Mwanza. Mtu akaaye njia panda hujifunza mengi kwa wapitao, na leo nataka kukusimulia niliyojifunza kwa wageni wawili. Nawe usiseme, "Mimi sina gari, hayanihusu." Ngoja kwanza usome.

WAGENI WA CHINI YA MWEMBE

Ilikuwa mwezi wa Agosti, kiangazi kikali. Jioni moja nilipokuwa nafunga ofisi ya parokia, ambako mimi ni karani, liliingia uani gari aina ya Toyota HiAce lenye namba za Kenya. Akashuka mzee mmoja mwembamba, mwenye kofia.

"Shikamoo, Mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Twaomba mahali pa kuegesha tu. Kulala tunalala humu humu garini."

Nikachungulia ndani, nikastaajabu. Viti vyote vilikuwa vimeondolewa. Palikuwa na kitanda, kabati la vyombo, bomba dogo la maji, taa tatu, na friji ndogo kama sanduku. Mzee alikuwa dereva wa watalii huko Kenya miaka mingi, na alipostaafu akajitengenezea gari hilo kwa mikono yake. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa upande wa Kibara, aliyeondoka kijana. Sasa alitaka mkewe aone ziwa alilovulia samaki utotoni, kisha wavuke pamoja kwenda Ukerewe.

Wakaegesha chini ya mwembe. Lakini usiku wa manane taa zao zilizimika, na asubuhi nikamkuta yule mama ameketi mlangoni, kakunja mikono, hasemi neno. Friji ilikuwa imekufa. Ndani yake hamkuwa na soda wala nyama. Mlikuwa na chupa zake za insulini, dawa ya sindano ya ugonjwa wa sukari, za kumtosha miezi miwili.

Msomaji, dawa hiyo haina mchezo. Chupa ambayo haijafunguliwa yatakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda kuwa barafu, haifai tena. Ikiachwa katika gari lililofungwa juani, huharibika, wala huenda usiijue kwa kuitazama. Chupa iliyokwisha kufunguliwa yaweza kukaa nje ya friji kama majuma manne, mradi pawe na ubaridi, kadiri mtengenezaji alivyoandika.

Tukafanya mambo mawili. Muuguzi mmoja jirani yetu alizichukua zile chupa nzima akaziweka katika friji ya dawa. Ile iliyofunguliwa mama mmoja wa hapa akaitengenezea mtungi: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi, na vyote kivulini penye upepo. Maji yakitoka katika udongo na kuwa mvuke, huchukua joto la ndani. Mtungi hauwezi kushika ubaridi wa friji, lakini wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, hupunguza joto vizuri. Bibi zetu walijua jambo hilo kabla ya kuja umeme.

Basi dawa ikapona. Ikabaki kujua kwa nini friji ilikufa.

BETRI MBILI, KAZI MBILI

Gari la kulala huwa na betri mbili. Ya kwanza ni ya kuwashia injini. Ya pili ni ya nyumba: friji, taa, pampu ya maji, redio na simu. Watu wengi hudhani kuwa betri ni betri tu. Sivyo.

Betri ya risasi si kitu cha jana. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859. Ndani yake mna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali, katika vyumba sita, kila chumba kikitoa kama volti 2. Jumla ni volti 12 na ushei. Betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba, ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache tu. Ni kama mkimbiaji wa mbio fupi: huruka, kisha hupumzika, na injini ikikwisha kuwaka humrudishia nguvu yake. Betri ya nyumba ina mabamba manene. Hiyo ni kama mchukuzi wa mizigo, atembeaye pole pole usiku kucha na kufika. Sisi huiita betri ya sola, maana ndiyo tuitumiayo na paneli za juani.

Ukimpa mkimbiaji gunia la mahindi abebe mpaka asubuhi, ataanguka. Ndivyo ilivyompata Mzee. Tulipoivuta ile betri kutoka chini ya kitanda, tukaona karatasi imebandikwa juu yake kuwa ni betri ya sola. Fundi wetu wa umeme wa magari akaibandua kwa kisu. Chini yake palikuwa na alama ya N70 na herufi CCA, zinazoonyesha nguvu ya kuwashia injini wakati wa baridi. Ilikuwa betri ya lori. Aliuziwa katika mji mmoja ambao sitautaja, na iliishi miezi mitano.

Fundi akaipima kwa njia ambayo hata wewe waweza. Kwanza aliijaza umeme, akaiacha bila waya wowote kwa saa kadhaa. Betri nzima ya risasi ikipumzika hivyo yapaswa kuonyesha kama volti 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikishuka karibu na 11.8, haina kitu. Hiyo ya Mzee ilionyesha 12.6, naye akafurahi. Fundi akatikisa kichwa, akafunga juu yake balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55, ambayo hula kama ampea 4 na nusu. Betri nzima ya ukubwa ule ingeliichukua balbu hiyo saa saba kabla ya kufika nusu. Hiyo haikumaliza saa moja. Ilikuwa kama mtungi uliojaa mawe: ukitazama mdomoni waona maji, lakini ukichota vikombe viwili umekwisha.

Mawe hayo ni nini? Betri ya risasi ikiachwa muda mrefu bila kujazwa, mabamba yake huota chumvi nyeupe ngumu. Sehemu iliyoota chumvi haifanyi kazi tena. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ndiyo hii: betri ya risasi usiimalize, tumia nusu yake, kisha uijaze mapema.

HESABU YA KARANI

Mimi mambo ya spana siyajui sana, lakini chuoni tulipofunzwa ualimu tulifunzwa pia kuwa hesabu ndogo huzuia hasara kubwa. Nikachukua karatasi, nikaketi na Mzee chini ya mwembe. Kipimo cha ukubwa wa betri ni ampea mara saa, nacho huandikwa Ah. Kitu kinachokula ampea 4 kwa saa 10 kimekula Ah 40.

Friji yake ilikula ampea 4 ilipovuma, na kwa siku nzima ilivuma kama saa 10: Ah 40. Taa tatu, kila moja nusu ampea, kwa saa nne: Ah 6. Pampu ya maji ampea 5, lakini dakika 12 tu kwa siku: Ah 1. Simu mbili na redio: Ah 3. Jumla Ah 50 kwa siku.

Sasa tazama. Betri yake ilikuwa ya Ah 70, nayo nusu yake ni 35. Kwa hiyo kila siku ambayo hakuendesha aliichota kupita nusu, hata kama ingelikuwa betri ya sola ya kweli!

Tena tukatazama upande wa mapato. Juu ya paa palikuwa na paneli moja ya wati 100. Kwetu hapa jua zuri ni kama saa tano za nguvu kwa siku. 100 mara 5 ni 500. Toa theluthi inayopotea kwa joto, vumbi na nyaya, zabaki kama 330. Gawanya kwa volti 12, wapata kama Ah 28. Matumizi 50, mapato 28. Mzee akavua kofia akacheka kwa uchungu.

"Kumbe nalikuwa nakopa kila usiku, mwanangu."

Ndiyo, msomaji. Alipokuwa safarini injini ililipa deni. Alipotulia siku mbili mahali pamoja, deni likamshika. Betri mpya peke yake isingelimponya. Alihitaji na paneli ya pili.

SAFARI YA MWANZA

Kesho yake alfajiri tulipanda basi, Mzee na mimi, kwenda Mwanza. Njia hiyo ni nzuri kuitazama. Ukishuka kutoka Bunda, nchi hutandaa kama mkeka. Kushoto ni nyika ya Serengeti, na kulia ni Ghuba ya Speke, maji yaking'aa. Tulivuka mito itokayo mbugani kwenda ziwani, Grumeti yenye mamba, kisha Mbalageti. Mzee alinionyesha mahali alipokuwa akisimamisha gari kuwaonyesha wageni nyumbu, ambao katikati ya mwaka hufika upande huu wa magharibi. Lakini hakusema mengi. Baada ya Lamadi aliniambia tu, "Mama akiumwa ugenini, kosa ni langu. Mimi ndimi niliyetafuta rahisi."

Mjini tuliingia maduka matatu. Tuliona aina hizi.

Kwanza betri ya sola ya kuongezwa maji. Bei yake ni nafuu, na ukiitunza itakutunza. Lakini yataka kutazamwa maji kila mwezi, na maji yenyewe yawe yaliyosafishwa, si ya kisimani wala ya ziwani. Tena ikijazwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Betri ya Mzee hukaa chini ya kitanda wanapolala watu wawili. Tukaiacha.

Pili betri ya risasi iliyofungwa, iitwayo AGM. Tindikali yake imenyonywa katika vitambaa vya kioo, haimwagiki wala haihitaji maji. Ndugu yake ni betri ya jeli, nayo imefungwa vivyo hivyo, ila yataka kujazwa pole pole zaidi.

Tatu betri ya lithiamu na chuma, ambayo wataalamu wa Texas waliokuwa pamoja na John Goodenough walitangaza kemia yake mwaka 1997. Hiyo ni bora kwa mambo mengi. Yenye Ah 100 waweza kutumia 80 bila kuiumiza, na uzito wake ni kama kilo 12, ambapo ya risasi hufika karibu kilo 30. Huishi miaka mingi. Lakini bei ni kubwa, na yahitaji kontrola ya sola inayoijua, pamoja na kifaa cha kupunguza pupa yake inapojazwa na injini, ama sivyo alteneta huweza kuungua. Mzee hakuwa na vifaa hivyo wala fedha zake.

Akachagua AGM ya Ah 100, na paneli ya pili ya wati 100. Hesabu: matumizi 50, yaani nusu kamili ya betri, mapato kama 56, na betri ya risasi hupoteza kidogo katika kujazwa, basi yalingana kwa shida. Tukakubaliana kuwa siku za mawingu atazima redio na kutumia taa moja.

Kabla ya kulipa nilimwomba mwenye duka mambo manne, nawe uyaombe. Moja, tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa juu ya betri. Iliyokaa dukani mwaka mzima bila kujazwa imekwisha kuanza kuota chumvi. Pili, kipimo cha volti. Ikiwa chini ya 12.5, uliza kwa nini. Tatu, mizani, betri ya risasi iliyoandikwa Ah 100 na kuinuliwa kwa mkono mmoja kama kikapu cha dagaa, yaogopwe. Nne, Ah hizo zimepimwa kwa saa ngapi. Desturi ni saa 20. Mwenye duka wa tatu aliyajibu yote bila kukasirika. Huyo ndiye tuliyenunua kwake.

KUTOA NA KUTIA

Fundi alitufundisha utaratibu huu, nami niliuandika kama alivyosema.

Piga picha ya nyaya zote kwanza. Zima kila kitu. Ondoa waya za paneli katika kontrola kabla ya kugusa betri. Kisha fungua waya wa hasi, ndipo ufungue wa chanya. Sababu yake ni hii: mwili wa gari umeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bati, cheche zitaruka, na mkono utaungua. Vua pete na saa.

Safisha vibano vya waya mpaka ving'ae. Funga betri kwa mkanda imara, maana kilo 30 zikiruka katika ajali huua. Unapotia, anza na chanya, malizia na hasi. Waya wa chanya uwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Mzee hakuwa nayo. Mungu alimhurumia tu asiungue usingizini. Paka mafuta mgando kidogo juu ya vichwa vya betri kuzuia kutu. Rudisha waya za paneli mwisho, kisha iambie kontrola aina ya betri uliyotia. AGM nyingi hutaka kujazwa mpaka karibu volti 14.4, na kutunzwa kwa kama 13.6, lakini fuata maandishi ya mtengenezaji wako.

Na usiiweke karibu na injini wala juani. Betri ya risasi hupenda kama nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zikizidi, umri wake hupungua karibu nusu.

BETRI YA ZAMANI IENDE WAPI?

Ile betri mbovu kijana mmoja alitaka apewe, aivunje apate risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu. Mzee akakataa kwa sauti kubwa, akatueleza habari ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Huko kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu karibu na nyumba za watu tangu mwaka 2007 hata 2014. Risasi ikaingia katika hewa, maji na damu ya watoto. Mama mmoja aliyepata kufanya kazi pale, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mwenyewe amedhurika, akapiga kelele mpaka dunia ikasikia. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2024.

Kwa hiyo usivunje betri uani, wala usimwage tindikali yake shambani. Irudishe kwa muuzaji au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye kibali. Tena hulipwa fedha kidogo.

WALIPOONDOKA

Usiku ule friji ilivuma mpaka asubuhi. Nilimkuta Mama amekwisha kuamka, anapika chai, chupa zake zimerudi mahali pake. Betri ilionyesha kama volti 12.4. Mzee aliiandika katika kitabu chake, na chini yake akaandika tarehe. Siku ya tatu wakaondoka kuelekea Kibara. Mama alituachia sukari ambayo yeye haruhusiwi kuila, naye akauchukua ule mtungi. Alisema friji ni nzuri, ila mtungi haujui kuzimika.

Sasa nakurudia wewe uliyesema huna gari. Je, nyumbani kwako hakuna taa ya sola? Dukani kwako hakuna redio? Kanisani kwenu hakuna kipaza sauti? Betri ni ile ile, na hesabu ni ile ile. Mimi baada ya wageni wale nilipima betri ya ofisi yetu, ambayo kila mwezi twailaumu paneli kwa ajili yake. Nilipoikagua nikaona herufi CCA.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.